Makufuli ya Kale Yanayoghushiwa: Namna Ninavyoyachunguza Hapa Dodoma

Kufuli la kale la kweli lilitengenezwa ili lifunge mlango, sanduku au behewa, na kila kilichomo ndani yake kiliwekwa kwa ajili ya kazi hiyo. Kufuli la kughushi hutengenezwa ili litazamwe. Tofauti hiyo ndiyo ninayoitafuta kila ninapowekewa kufuli mkononi, na ndiyo ninayotaka kuieleza kwa wenzangu wanaokusanya vitu vya chuma vya zamani hapa Dodoma, Singida na kwingineko, kwa sababu nawaona wengi wakianza uchunguzi wao na maandishi yaliyo juu ya kufuli au na simulizi ya muuzaji, yaani vitu viwili ambavyo mghushi huvipata kwa gharama ndogo kuliko vyote.

Simulizi za huku kwetu zina nguvu kwa kuwa nyingi zinawezekana. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa na kukatiza Ugogo, na mizigo ya biashara ilihitaji masanduku yenye kufungwa. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro mwaka 1907, wakapita hapa Dodoma, kisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na katika stesheni za njia hiyo, kama vile Gulwe, Bahi, Saranda, Manyoni na Itigi, palikuwa na stoo, masanduku ya fedha na mabehewa ambayo hayakuweza kuachwa wazi. Waingereza walipochukua nchi walikuja na makufuli yao. Mwaka 1947 ukaanza mradi wa karanga, ambao kituo chake kikuu cha mwanzo kilikuwa Kongwa, nao uliingiza mitambo na vifaa vilivyobaki vitani kwa wingi wa kutisha, hata matrekta yaliyoundwa kutokana na vifaru, kabla ya kuachwa mwaka 1951. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba kufuli lake lilitoka kwa babu aliyelinda stoo Kongwa hasemi jambo la ajabu hata kidogo. Shida ni kwamba maneno hayo hayo humfaa pia yule aliyenunua kufuli jipya, akalifukia uani kwa msimu mmoja, kisha akalileta sokoni likiwa limefungwa kwenye gazeti.

Ninapolipokea kufuli lenye maandishi, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuyapima maandishi hayo kwa tarehe, si kwa sababu tarehe ndizo ushahidi mkubwa, bali kwa sababu huokoa muda. Jina la Tanganyika lilipewa nchi hii na Waingereza mwaka 1920. Kabla ya hapo Wajerumani waliiita Deutsch-Ostafrika. Kufuli lenye jina la Tanganyika pamoja na mwaka 1905 halihitaji kuangaliwa zaidi. Vivyo hivyo kwa kufuli linalodaiwa kuwa la reli ya Wajerumani huku likiwa limeandikwa jina la koloni hilo kwa Kiingereza, kana kwamba karani wa Kijerumani alikuwa anamwandikia mtalii. Herufi VR chini ya taji ni za Malkia Victoria, aliyefariki mwaka 1901, miaka 15 kabla majeshi ya Waingereza hayajaingia Dodoma, hivyo hazina namna halali ya kukaa pamoja na jina la reli ya Tanganyika. Herufi EAR&H ni za shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli ya Kenya na Uganda na ile ya Tanganyika, kwa hiyo haziwezi kuwa juu ya kufuli la mwaka 1930. Kwa upande wa Ujerumani, herufi D.R.P. huonyesha hataza ya dola hiyo, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, ambayo mfumo wake ulianza mwaka 1877, na D.R.G.M., ya usajili wa uvumbuzi mdogo, ilianza mwaka 1891. Maneno ya kutaja nchi ya Ujerumani kwa Kiingereza yalitokana na sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 iliyotaka bidhaa za kigeni zijulikane zilikotoka.

Tarehe huweza kulihukumu kufuli lakini haiwezi kuliachia huru. Mghushi mwenye bidii naye anasoma, na maandishi yasiyo na kosa la historia yanathibitisha tu kwamba aliyeyaandika aliijua historia. Ndiyo maana siwaelewi wenzangu wanaotumia jioni nzima kubishana juu ya umbo la taji huku hawajaingiza hata ufunguo kwenye tundu.

Namna herufi zilivyowekwa ina thamani kubwa kuliko maana yake. Katika makufuli mengi mazuri ya kiwandani, hasa yaliyotoka Wolverhampton na Willenhall huko Uingereza, herufi ziligongwa kwa chapa ya chuma kigumu kwenye bamba la shaba ya njano, ile ambayo wauza vyuma chakavu wanaiita brasi. Pigo hilo huisukuma shaba pembeni, na ukiangalia kwa lenzi ya kukuza utaona ukingo mwembamba ulioinuka kuzunguka kila herufi, kuta zilizonyooka, na sakafu iliyo bapa. Nakala ya siku hizi mara nyingi hupatikana kwa kuchukua kufuli la kweli, kulikandamiza kwenye mchanga wa kalibu, kisha kumimina shaba iliyoyeyuka katika umbo lililobaki. Herufi hutoka pia, lakini hutoka zikiwa zimelegea: kingo zake ni za mviringo, sakafu yake ina chembechembe, na ndani ya herufi zilizofumba kama R na B huwa kuna vitundu vidogo vilivyoachwa na hewa. Aidha, shaba hunywea inapopoa, kwa hiyo nakala iliyopatikana kwa njia hiyo huwa ndogo kidogo kuliko mama yake. Mwenye kufuli la kweli na kipimo cha kalipa anaweza kuiona tofauti hiyo kwa macho yake.

Hapa lazima niweke tahadhari, maana kumimina peke yake si uovu. Yapo makufuli ya kweli, hasa ya reli, ambayo bodi yake ilimiminwa na hata herufi zake zilitoka kwenye kalibu. Tofauti ni kwamba kiwanda kilichomimina bodi kwa ajili ya kazi kilimalizia kwa tupa na msasa pale ambapo vipande vilipaswa kukutana, kwa sababu pengo la unene wa karatasi lilikuwa kasoro ya usalama. Kwenye nakala mshono wa kalibu umeachwa ubavuni, au umefutwa kwa grainda ambayo imeacha mikwaruzo ya duara iliyo sawa sawa, na pande mbili za bodi zimekutana kama mlango uliopinda. Ribiti za kufuli la kweli mara nyingi zilifuliwa zikalingana na bodi hadi ukipapasa kwa ukucha huoni mahali zilipo, na aghalabu zilikuwa za shaba ile ile. Nikiona ribiti za chuma zenye vichwa vilivyotuna juu ya bodi ya shaba, au alama ya kuchomelewa kwa umeme ndani ya upinde, yaani kile chuma kilichopinda kinachopita kwenye pete ya mlango, ninalirudisha kufuli kwa mwenyewe kwa heshima. Skrubu za kichwa cha nyota nazo zilianza kutumika viwandani katikati ya miaka ya 1930, kwa hiyo hazina kazi kwenye kufuli la wakati wa Wajerumani, isipokuwa kama fundi alilifungua baadaye na kubadilisha, jambo ambalo litaacha dalili nyingine za matengenezo.

Sasa nifike ndani, maana ndani ndiko mghushi anakoshindwa. Mwaka 1778 Mwingereza Robert Barron alipata hataza ya kitasa chenye leva ambazo ufunguo ulipaswa kuziinua hadi kimo chake kamili: zikiinuliwa pungufu ulimi, yaani kile kipande kinachofunga, hautembei, zikiinuliwa kupita kiasi pia hautembei. Mwaka 1818 Jeremiah Chubb akaongeza leva ya kumnasa anayejaribu kufungua kwa ufunguo usio wake. Makufuli bora ya karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20 yamesimama juu ya kanuni hiyo, na ndiyo sababu mengi yameandikwa idadi ya leva, nne, sita au zaidi, kama majigambo ya ubora. Kila leva ni kipande cha bamba kilichokatwa peke yake, chenye springi yake, kikapangwa juu ya mwenzake. Kazi hiyo ni ghali. Mtu anayetengeneza kitu cha kupamba meza hana sababu ya kuilipia, kwa hiyo ndani ya nakala huwekwa springi moja na kizuizi kimoja, na juu yake huandikwa kwamba leva ni sita.

Idadi hiyo unaweza kuihakiki bila kulifungua kufuli, kwa kuusoma ufunguo. Ushike ufunguo wa leva ubavu, uweke mbele ya mwanga wa dirisha, uangalie meno yake. Kila leva inahitaji ngazi yake kwenye meno, na inahitajika ngazi moja zaidi ya kuusukuma ulimi. Ufunguo wa leva sita kwa hiyo unapaswa kuonyesha upana unaotosha ngazi saba, nyembamba, zenye vimo vinavyotofautiana, ingawa mbili zilizo jirani zinaweza kuwa na kimo kimoja zikaonekana kama moja pana. Niliwahi kuletewa kutoka soko la Majengo kufuli zito la kupendeza lililoandikwa leva sita, lenye ufunguo wa ngazi tatu pana ambazo zote zilikuwa na kimo kimoja. Ufunguo huo ulikuwa umemiminwa pamoja na kichwa chake, na mshono wa kalibu ulipita katikati ya pete ya kushikia, mahali ambapo kidole gumba cha mtu kingekuwa kimeulainisha miaka mingi iliyopita.

Kwa uhakika zaidi nililipeleka kwa mzee mmoja fundi wa vitasa, ambaye masikio yake ninayaamini kuliko lenzi yangu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umeleta nini leo?”

Hakulitazama. Alilisogeza karibu na sikio, akauzungusha ufunguo taratibu kwenda na kurudi, akanirudishia.

“Leva zikishuka zinasema moja moja, tak-tak-tak, maana hazilingani kimo. Hili limesema neno moja tu. Ndani humu mna springi na uwazi, mwanangu, hamna kingine.”

Tangu hapo nimejizoeza kusikiliza, nami nakiri kwamba ni kipimo kizuri ajabu. Kufuli la leva lililo hai lina mzunguko wenye uzito: ufunguo unaingia bila kulegalega, unakutana na leva, unazibeba zote kwa pamoja, unausukuma ulimi, kisha leva zinarudi mahali pake mfululizo. Hata lililokauka kwa vumbi la Dodoma hurudi kuzungumza hivyo likipewa tone la mafuta ya cherehani na muda wa kupumzika. Kwenye nakala ufunguo hucheza ndani ya tundu, hukwaruza, kisha upinde hufyatuka ghafla. Jaribu pia kuuvuta upinde kwa nguvu ya kiasi kufuli likiwa limefungwa. La kweli husogea unywele mmoja na kukaa, nakala hutikisika yote.

Baada ya mashine hufuata uchakavu, na hapa pia ninauliza swali la kazi: kufuli hili lilining'inia wapi, na kitu gani kililigusa kila siku? Upinde huliwa upande wa ndani, mahali palipokaa pete ya mlango au ya mnyororo, na kama lilikaa kwenye behewa linalotikisika, huliwa hadi kuacha mfuo unaong'aa wenye umbo la pete yenyewe. Mgongo wa bodi huchubuka kuliko uso, kwa sababu ndio uliokuwa ukigonga mbao au bati. Kifuniko kidogo cha tundu la ufunguo, kile kinachozunguka kwenye ribiti yake, huchora upinde mwembamba juu ya shaba kwa kusukumwa pembeni maelfu ya mara, na ribiti yake hulegea. Tundu lenyewe hupanuka kidogo upande ambao mkono wa kulia huuelekeza ufunguo. Uchakavu wa aina hiyo hauko sawa kila mahali, na kila sehemu iliyochakaa ina sababu unayoweza kuionyesha kwa kidole. Mghushi huyapiga makufuli yake kwa nyundo, huyatia ndani ya pipa lenye kokoto, au huyasugua kwa msasa, na matokeo yake ni majeraha yaliyosambaa kote kwa usawa, hata ndani ya kona ambazo hakuna kitu kingeweza kuzifikia, huku upinde ukiwa bado ni mviringo kamili upande wa ndani.

Lipo kundi moja linalonitia wasiwasi kuliko nakala zote, nalo ni kufuli la kweli lenye maandishi ya uongo. Mtu huchukua kufuli la kale la kawaida, zuri, la Willenhall, lisilo na jina, akaligonga herufi za reli au za serikali ili bei ipande. Leva ni za kweli, uchakavu ni wa kweli, sauti ni ya kweli, na vipimo vyote nilivyotaja vitalipitisha. Hapo hubaki kuuliza kipi kilitangulia. Chukua lenzi, tafuta mkwaruzo wa zamani unaopita karibu na herufi, ufuate hadi uifikie. Kama herufi ilikuwepo kwanza, mkwaruzo utaruka juu ya shimo lake na kuendelea upande wa pili, na ukingo ulioinuka wa herufi utakuwa umelazwa pale ulipoguswa. Kama herufi imegongwa juzi, itakuwa imeukata mkwaruzo, na ukingo wake utakuwa mzima na mkali hata unaukwaruza ukucha, juu ya uso ambao kwingine kote umelainika. Chini ya herufi hizo rangi nayo husema, kwa sababu shaba mpya huchungulia ikiwa na unjano tofauti na jirani yake, labda mtu awe ameipaka kitu cha kuifunika. Kwa wakusanyaji wa hapa kwetu, ambao wengi tunavutiwa na alama za reli ya kati na za mradi wa Kongwa, hiki ndicho kipimo ambacho ningependa kila mmoja ajifunze hata kama atapuuza vingine.

Kuhusu rangi na kutu, mkoa wetu una faida ambayo watu wa Pwani hawana. Dodoma hupata mvua takriban milimita 570 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na miezi iliyobaki hewa ni kavu. Chuma kilichokaa ndani ya nyumba hapa hushika ngozi nyembamba ya kahawia iliyokolea, ngumu, isiyotoka kwa kidole. Shaba hugeuka taratibu kuwa kahawia kama asali iliyoungua. Kijani kibichi cha unga unga, kilichotapakaa uso mzima na kujaa sawasawa kila shimo, ni dalili ya chumvi, amonia au asidi, na kikiletwa na maelezo kwamba kufuli lilikaa juu ya kenchi ya nyumba ya Kondoa tangu zama za mababu, maelezo hayo hayasimami. Bila shaka kufuli lililosafiri kutoka Bagamoyo au Tanga litakuwa na kutu nzito ya bahari, na lililofukiwa kwenye udongo wa chumvichumvi wa Bahi litakuwa na sura nyingine, ila simulizi ya muuzaji lazima ilingane na sura hiyo. Ninalinusa pia. Asidi na amonia huacha harufu kwenye tundu la ufunguo kwa muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Kisha ninaligonga kwa upole juu ya karatasi nyeupe ili nione kinachodondoka: vumbi la miaka mingi ni laini kama poda, limechanganyika na grisi iliyokauka na nyuzi za mfukoni, ilhali udongo uliopakwa makusudi huanguka kwa mabonge yenye rangi moja.

Kwa sababu hizo zote ninawasihi wenzangu wasiling'arishe kufuli kabla halijachunguzwa. Ukilipaka dawa ya kung'arishia umeufuta ushahidi wote nilioueleza, na kufuli la kweli litabaki halina cha kujitetea.

Sumaku ni chombo cha sekunde chache na kila mtu anayo. Bodi inayodaiwa kuwa ya shaba tupu haipaswi kuivuta. Ikivuta, ni chuma kilichopakwa. Upinde kuvuta ni kawaida, kwani mingi ilikuwa ya chuma. Hata hivyo sumaku haiwezi kuikamata aloi ya zinki, ambayo nayo haivutwi, na nakala nyingi za bei ya chini ni za zinki iliyopakwa rangi ya shaba. Hiyo ninaikamata kwa mizani. Ninalipima kufuli likining'inia hewani, kisha likiwa limezama katika jagi la maji bila kugusa chini, baada ya kulitikisa mpaka mapovu yaishe. Tofauti ya vipimo hivyo viwili kwa gramu ni ujazo wa metali yenyewe kwa sentimita za ujazo. Kufuli moja nililo nalo lina gramu 412 hewani na gramu 363 majini. Tofauti ni 49, na 412 ukigawanya kwa 49 unapata 8.4. Shaba ya njano iko karibu na 8.5 na chuma karibu na 7.8, kwa hiyo shaba yenye upinde wa chuma hukaa katikati ya hizo mbili. Aloi ya zinki iko karibu na 6.7, na kuisukumiza katika kalibu za viwandani kwa ajili ya bidhaa za namna hii kulishika kasi baada ya aloi bora zaidi kupatikana mwaka 1929. Ukipata 6.7 kwenye kufuli linalosemwa kuwa la Wajerumani, mazungumzo yamekwisha. Maliza kwa kulikausha juani kikamilifu na kulitia mafuta, maana maji yakibaki kwenye springi za chuma utakuwa umeliharibu ulilotaka kulilinda.

Nitaje kwa uchungu bidhaa moja ambayo huuzwa katika ukanda huu uliopitiwa na misafara: makufuli na minyororo inayoitwa ya watumwa. Mateso ya Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji yalikuwa ya kweli, na kwa hiyo kuyaghushi ni dhuluma ya pili juu ya wale waliokwisha kudhulumiwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, kwa hiyo muuzaji anaweza kutaja mwaka wowote kati ya hiyo na kusikika kama msomi. Lakini fikiria kufuli la shaba lililoandikwa kwa Kiingereza neno la mtumwa, pamoja na jina la Zanzibar na mwaka. Msafirishaji wa watu alihitaji pingu zishike. Hakuhitaji ziandikwe zinamshika nani. Maandishi hayo yamewekwa kwa ajili ya mnunuzi wa leo. Mimi siyanunui hata yakidaiwa kuwa ya kweli, na kama kuna familia yenye kitu cha aina hiyo chenye historia inayojulikana, mahali pake ni makumbusho ya taifa.

Ukweli wa kufuli nao hauhalalishi kila ununuzi. Kufuli la reli lililo halali kabisa kwa umri linaweza kuwa limeng'olewa wiki iliyopita kwenye mali ya umma, na mnunuzi wake ameshiriki. Sinunui kufuli lolote la reli lisilo na maelezo ya lilivyotoka mikononi mwa shirika, na kila ninalonunua ninaandikiana na muuzaji: jina lake, tarehe, mahali, na simulizi yake kwa maneno yake mwenyewe, hata ninapoitilia shaka, kwa sababu simulizi iliyoandikwa inaweza kuhakikiwa baadaye. Anayefikiria kupeleka vitu vya kale nje ya nchi akumbuke pia kwamba ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kwamba kibali huombwa kabla ya safari.

Nakala zinazopatikana mikononi mwangu, ziwe nilipewa na rafiki au zilikuja ndani ya furushi la funguo, sizirudishi sokoni. Ninaligonga kila moja herufi N upande wa ndani wa upinde, ambako hakuna grainda itakayoifuta bila kuudhoofisha upinde wenyewe, kisha ninaliweka kwenye kabati pamoja na lile la kweli linalofanana nalo. Vijana wanaonitembelea huanza na jozi hizo. Ninawapa makufuli mawili na funguo zake, ninawaomba wafumbe macho wakati wa kuzungusha, na huwa siwaambii lipi ni lipi mpaka watakapokuwa wamehesabu leva kwa sikio.